Mzunguko Mmoja, Salamu Moja

Mwezi mmoja kabla sijastaafu, binti mmoja wa zamu, Rehema, aliniuliza swali nikiwa tayari nimepanda gari. Alikuwa amepangiwa tangi la Kwihara, akakuta ndani ya chumba cha valvu maandishi ya rangi ukutani: *30 za kwanza, kawaida. 10 za mwisho, mzunguko mmoja, salamu moja.*

"Mama, huu ni utani wa mafundi wa zamani?" aliniuliza. "Au kuna mtu alikuwa anasalimiwa humo ndani?"

Dereva alikuwa anawasha. Nilimjibu kwa ufupi tu kwamba si utani, afanye kama ilivyoandikwa, na kwamba nitamweleza. Njiani nikajiona nimekosea. Maandishi yale niliyaandika kwa mkono wangu, nikaacha amri bila kuacha sababu yake, na amri isiyo na sababu hufutwa na mtu wa kwanza mwenye haraka. Kwa hiyo Rehema, na ninyi wenzake mliokabidhiwa mabomba ya mji huu, sababu ni hii.

Nianze na chombo chenyewe. Valvu ya kipepeo ni sahani ya chuma iliyosimamishwa ndani ya bomba, ikapitishiwa mhimili katikati. Ukiigeuza robo duara tu, umemaliza kazi yake yote: ikiwa sambamba na maji, maji hupita pande zake mbili, zinazofanana na mbawa; ikiwa imekingama, ukingo wake unakaa kwenye mpira uliozunguka ndani ya valvu na maji yanakoma. Kwa kuwa robo duara ni safari fupi mno kwa mkono wa binadamu aliyekabiliana na bomba kubwa, valvu zetu zimewekewa gia. Kwa ile ya Kwihara, unazungusha gurudumu mara arobaini ili sahani igeuke hiyo robo. Valvu hii ni nyembamba, ni nyepesi, watu wawili wanaibeba. Zile za lango tulizozirithi, ambazo kipande cha chuma hushuka kutoka juu kama kisu kinachokata ugali, tulizibeba watu wanne kwa mnyororo na maneno makali.

Nilitoka chuoni Dar es Salaam nikiwa na cheti, kofia ngumu, na imani kwamba nimekuja kuwafundisha watu. Aliyenipokea ni Mzee Maganga. Yeye hakuwa na cheti. Alikuwa na ufunguo wa chuma wenye umbo la herufi T, mrefu kumfika kifuani, na alikuwa na mji mzima kichwani. Kila valvu ya Tabora aliijua kwa idadi ya mizunguko yake. "Ile ya sokoni ishirini na mbili," alikuwa akiniambia tukitembea. "Ile ya nyuma ya msikiti kumi na tisa na nusu. Hiyo nusu, Veronika, usiidharau. Ukiisahau, mtaa mzima unanung'unika." Alihesabu kwa sauti, kwa Kinyamwezi, na watoto waliokuwa wakipita walihesabu naye mpaka *ikumi*, yaani kumi, halafu wakakimbia wakicheka.

Valvu ya kwanza ya kipepeo kuwekwa mjini iliwekwa mtaa wa Ng'ambo, na aliyeiweka ni mimi. Nilisoma maelekezo mara mbili. Nikaingiza valvu katikati ya flenji, zile pete za chuma zinazounganisha bomba, sahani ikiwa imefungwa, nikakaza bolti kwa zamu, moja huku, ya pili upande wa pili, kama inavyotakiwa. Kisha nikashika gurudumu. Halikusogea. Nikamwita mtu mwenye misuli, halikusogea. Wakati huo mafundi cherehani, kinyozi na akina mama wa vyakula walikuwa wamekusanyika na ndoo zao, na mmoja wao, mama aliyekuwa akiuza maandazi pembeni, akauliza kwa upole mkubwa: "Injinia, huyo kipepeo wako mlimleta akiwa hai?"

Mzee Maganga alikuwa hajawahi kuona valvu ya aina ile. Alichungulia, akagusa mpira uliokuwa umejitokeza kidogo kwenye flenji. Kisha akasema, "Legeza. Humfungi mtu mkanda akiwa amevuta tumbo ndani. Mwache kwanza apumue, ndipo ukaze."

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo, na msikubali fundi yeyote awaambie vingine: ingizeni valvu sahani ikiwa karibu kufunga ili ukingo wake usiumie, kisha ifungueni kabisa, mhakikishe mbawa hazigusi kuta za bomba, na ndipo mkaze bolti. Ukikaza ikiwa imefungwa, mpira unabanwa na kuishika sahani kama meno. Nilijifunza hilo kwa mtu aliyesoma mwili wa binadamu badala ya kitabu, mbele ya ndoo zisizopungua arobaini.

Basi mnaona kwamba Mzee Maganga alikuwa mwalimu wangu. Hilo ndilo lililofanya jambo la Kwihara liwe gumu, kwa maana safari hiyo aliyekosea ni yeye, na aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Kwihara mnaijua, iko hapo tu, kwenye njia ya zamani ya misafara. Wapagazi waliotoka pwani walitua mizigo huko kwa vizazi, lakini kijiji chenyewe kilikuwa bado kinateka maji visimani. Ulipokuja mradi wa bomba jipya, wanakijiji waliambiwa wachimbe mtaro wao wenyewe, na waliuchimba wote, wanawake wakiwa wengi zaidi. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Nyanzala, mkulima wa karanga, mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti na sikuwahi kumwona mtu akimkatiza. Bomba lilishuka kutoka tangi la mjini, likapita bondeni, likapanda hadi tangi la kijiji. Mwishoni kabisa, kwenye mlango wa tangi hilo, tukaweka valvu ya kipepeo.

Siku ya majaribio tulifungua maji, yakasafisha bomba, tangi likaanza kujaa, watu wakapiga vigelegele. Ikabaki kufunga valvu ili tuone kama bomba linashika presha. Mzee Maganga akahesabu mizunguko yake arobaini. Alipomaliza tukasikia kishindo kutoka bondeni, na maji yakaruka juu ya vichaka. Kiungo kilikuwa kimeng'oka.

Tulitengeneza. Wiki mbili baadaye tukarudia. Kishindo kilekile, kiungo kingine, bonde lilelile.

Mkuu wa mradi alikuwa Injinia Ndahani, mtu wa Dodoma, mwangalifu, mwenye haki, lakini aliyekuwa na vijiji vingine vinavyomsubiri. Alikaa na kamati pale kwenye uwanja wa tangi, akasema bila kuzunguka: mtaro haukuchimbwa vizuri, bomba halikulalia vyema, na hana viungo vya kuendelea kuvitupa. Angejaribu mara ya tatu. Likipasuka, angeziba tawi la Kwihara, na mabomba yake yapelekwe kijiji kilicho tayari. Kwihara wangesubiri mradi mwingine, ambao hakuna aliyejua ungekuja lini.

Mama Nyanzala alimsikiliza mpaka mwisho. "Injinia," akasema, "wewe ni Mgogo."

"Ndiyo, mama."

"Babu zetu walipopita kwenu na mizigo, babu zenu waliwatoza hongo kwa kila kibuyu cha maji. Leo maji yanakuja kwetu, na tena Mgogo amekaa mlangoni."

Watu walicheka, na Ndahani alicheka pia, kwa kuwa utani wa Wanyamwezi na Wagogo hauruhusu kununa. "Mama, babu zangu walikuwa na kisima," akajibu. "Mimi nina mabomba mabovu tu." Kisha akaacha kucheka. "Mara ya tatu, mama. Ya nne haipo."

Mama Nyanzala alinitazama mimi. Wanawake wake walikuwa wameupima ule mtaro kwa mpini wa jembe, hatua kwa hatua, na alijua kwamba mimi nilijua.

Nilirudi kulikagua bonde peke yangu. Mtaro ulikuwa mzuri. Bomba lilikuwa limelalia mchanga. Kitu kimoja kilinisumbua: safari zote mbili, kishindo kilikuja Mzee Maganga alipokuwa anasema "tayari". Si baadaye, presha ilipokaa. Ni palepale. Nikaomba tufungue maji kidogo na kufunga bila kufika mwisho, nikasimama kwenye geji ya kupimia presha iliyokuwa kwenye bomba. Mzee akazungusha: tano, kumi, ishirini. Mshale ulilala kama ng'ombe aliyeshiba. Ishirini na tano, bado. Kwenye thelathini ukaanza kuamka. Nikamwomba asimame hapo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye chombo chenyewe. Sahani ikiwa wazi kabisa, ukiigeuza kidogo maji hayajali. Yana nafasi tele pande zote mbili. Kwenye bomba refu kama lile unaweza kumaliza nusu ya mizunguko na maji yakaendelea karibu kama kawaida. Udhibiti wote umekusanyika mwishoni. Zile kumi za mwisho ndizo zinazofunga. Thelathini za kwanza ni utangulizi. Nusu ya mizunguko si nusu ya maji. Mkilielewa hilo moja, mmeelewa valvu ya kipepeo.

Na Mzee Maganga alikuwa anafanya nini kwenye zile kumi? Alikuwa anaharakisha. Maisha yake yote alifunga valvu za lango, ambazo matope na kutu hujaa chini, na usipozikaza kwa nguvu mwishoni hazikai. "Kumalizia ndiko kufunga," alitufundisha, "kaza kama unafunga robota la tumbaku la Sikonge." Mikono ile ile iliyouokoa mji kwa miaka mingi ilikuwa inayasimamisha maji ya bomba zima la Kwihara kwa pumzi moja.

Nilimwambia hivyo, kwa heshima niliyoweza kuipata. Alikunja uso.

"Mwanangu, mimi nafunga maji ya mji huu tangu wewe unabebwa mgongoni."

"Najua, baba."

"Na sasa mimi ndiye ninayepasua?"

Nilimwomba tu aje nyumbani kwangu kesho yake asubuhi. Nilichukua kipande cha bomba la plastiki, nikakata mduara wa bati kutoka kifuniko cha kopo, nikaupitishia njiti ya baiskeli katikati na kuuweka ndani. Nikafungulia maji ya mpira upande mmoja, upande wa pili nikaweka ndoo. "Geuza wewe, baba," nikasema.

Akageuza njiti taratibu. Maji yakaendelea kumwagika. Akageuza zaidi, yakaendelea. Alipokaribia kufunga, yakakatika, na mpira wa maji ukaruka kutoka mkononi mwangu ukanilowesha gauni zima. Akafungua. Akarudia. Alirudia mara nyingi kiasi kwamba mume wangu alitoka nje kuuliza kama tunaosha kitu.

Mwishowe akaiweka ile njiti chini. "Ni msafara," akasema. "Maji yako kwenye bomba kama wapagazi kwenye njia. Wa mbele akisimama ghafla, wa nyuma hana habari. Anakuja tu na mzigo wake. Wote wanamwangukia wa mbele." Akaitazama njiti ile. "Na wapagazi hawakusimamishwa hivyo. Kiongozi alianza kupunguza hatua mapema, kambi ikiwa bado iko mbali."

Nikamwambia kwamba hesabu yangu inaonyesha kila mzunguko wa mwisho unahitaji kama nusu dakika. Akasema saa haimfai. Mtu mwenye gurudumu mkononi hatazami saa, anatazama gurudumu, na mkono wenye wasiwasi huona nusu dakika imekwisha kabla haijafika. "Kuna kitu kimoja tu," akasema, "ambacho Mnyamwezi hawezi kukifanya kwa haraka hata nyumba ikiwa inaungua."

"Kitu gani?"

"Kusalimiana."

Siku ya jaribio la tatu tulijipanga hivi. Mzee Maganga kwenye gurudumu, mimi mbele yake. Injinia Ndahani kwenye geji. Mama Nyanzala alikataa kukaa na wengine. Alisema mtaro ni wake, naye atakaa nao. Tulimshauri akae mbali na bomba, akakaa juu ya kichuguu upande wa pili wa bonde, simu mkononi. Simu yangu niliiweka kwenye kipaza sauti juu ya ukuta wa chumba cha valvu.

Thelathini za kwanza Mzee alizihesabu kama kawaida yake. Kisha akasimama, akanitazama, akasema, "Mwangaluka."

"Mwangaluka, baba."

"Umelalaje?"

"Salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Watoto?"

"Wazima."

"Na karanga?" ikaita sauti kutoka kwenye simu. "Mbona hamniulizi karanga?"

"Karanga vipi, mama?" akauliza Mzee.

"Zinasubiri maji."

Akazungusha mara moja.

Ndahani alikuwa na macho kwenye mshale. "Umepanda kidogo," akasema. "Umetulia." Tukaanza upya: usingizi, watoto, mifugo, mvua, mguu wa Mzee unaomuuma wakati wa baridi. Akazungusha ya pili. Kwenye ya nne, Ndahani alisema bila kutazama juu, "Jamani, kwetu Dodoma tungekuwa tumeshamaliza."

"Kwenu mngekuwa mnatoza," Mama Nyanzala akajibu kutoka kichuguuni, na uwanja mzima ukacheka kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto.

Ya sita. Ya saba. Mshale ulipanda ngazi baada ya ngazi, ukikaa kwenye kila moja kabla ya kupanda nyingine. Niliuona mkono wa Mzee ukitaka kumalizia; nilimwona akiuzuia. Alikuwa akipambana na mazoea ya maisha yake yote, akiyashinda kwa kuniuliza habari za mama mkwe wangu. Ya nane. Kwenye ya tisa nilisahau jibu, na Mzee akaniambia, "Hujajibu, mwanangu. Sigeuzi mpaka ujibu." Nikajibu. Akageuza.

Ya kumi. Sahani ikakaa kwenye mpira wake. Tulikuwa tunasikiliza bonde.

"Mama Nyanzala," Mzee Maganga akaiambia simu, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya mwisho. "Habari za huko?"

Nadhani aliinama kwanza pale kichuguuni kulitazama bomba.

"Limelala," akasema. "Limelala kama mtoto aliyenyonya."

Injinia Ndahani alisimama kwenye geji yake dakika thelathini nzima kabla ya kuamini. Kisha akaja kwa Mzee Maganga, akamwamkia kwa mikono miwili, na mbele ya kamati yote akasema mtaro haukuwa na kosa, alikosea kuulaumu. Wanawake wa Kwihara walipiga vigelegele vilivyofika, nina hakika, mpaka mjini. Jioni ile watoto walikunywa maji ya bomba mpaka matumbo yakawa magumu kama ngoma. Mimi niliomba rangi na brashi, nikaandika yale maneno ukutani.

Mzee Maganga alistaafu miezi michache baadaye, na katika miezi hiyo alizunguka na kila fundi kijana, kila valvu ya kipepeo, akiwafundisha kile alichokuwa amejifunza kwa njiti ya baiskeli. Alisema: "Nimekosea miaka yote kwa chombo nisichokijua; ninyi msipate kisingizio hicho." Kuna walimu wengi wanaofundisha wanachokijua. Wachache wanafundisha walichokosea.

Mengine nimejifunza baadaye, nayo nawaachia. Mkitumia valvu hii kugawa maji kati ya mitaa, fanyeni marekebisho yenu sahani ikiwa katikati ya safari yake, na msiamini namba ya mizunguko mpaka mthibitishe kwa geji. Msiiache ikichungulia, yaani imefunguliwa ufa mwembamba kwa wiki nzima. Maji yanayopenya kwa kasi hula mpira na kisha hula sahani. Msiiweke karibu na kona ya bomba, itatetemeka mpaka bolti zilegee. Na pale mtakapowekewa mota, ulizeni imepangiwa kufunga kwa muda gani, na muda huo unatumika kwenye mizunguko ipi.

Juzi nilikwenda Kwihara kumjulia hali Mama Nyanzala, ambaye sasa hatembei mbali. Wakati wa kurudi nilipita kwenye tangi. Rehema alikuwa chumbani peke yake, mikono kwenye gurudumu, ametulia, midomo ikichezacheza.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amekwenda kula, mama. Nimebakisha nne, na sina wa kumsalimia. Nilikuwa nasimama tu nahesabu."

Nikaingia ndani, nikasimama pale nilipokuwa nimesimama zamani, mbele ya gurudumu. Alinielewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Nyumbani?"

"Wote wazima. Na karanga zinaendelea vizuri."

Akacheka, akasubiri nimalize. Kisha akazungusha mara moja.